Umri wa Vizuizi: Ulemavu na Maisha ya Kila Siku Germantown, Maryland

Germantown ni kitongoji cha Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, kama kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa Washington. Sensa ya 2020 ilihesabu hapo wakazi 91,249. Kwa wingi wa watu ni eneo la tatu katika Maryland baada ya Baltimore na Columbia, ingawa halina meya wala baraza lake na huendeshwa na kaunti. Mkazi wake anayetumia kiti cha magurudumu, magongo au mguu bandia hukutana na kero nyingi kwa siku: vidato vitatu mbele ya mlango, ukingo wa barabara usio na mteremko, lifti ya stesheni iliyoharibika, gari lililoagizwa tangu jana ambalo bado halijafika. Ni makosa kudhani kwamba kero hizi zinatokana na mwili wa mtu peke yake. Karibu kila moja ilijengwa na watu, katika mwaka unaojulikana, na mara nyingi anayeujua mwaka huo hujua pia kwa nini kizuizi kipo. Ndiyo maana historia ya ulemavu Germantown haiwezi kutengwa na historia ya reli, majengo, barabara na sheria.

Mashamba, utumwa na vita

Jina la mahali hapa limetokana na wakulima wenye asili ya Ujerumani waliofika katika miaka ya 1830 na 1840 na kukaa karibu na makutano ya Clopper Road na Liberty Mill Road. Katika kijiji cha wakulima, nguvu za mwili ndizo zilizokuwa riziki. Aliyevunjika mguu ukaunga vibaya, au aliyepooza, aliwategemea jamaa zake na kazi ndogondogo za kukaa. Hakukuwa na sheria iliyomtaja.

Kwa Waafrika waliokuwa watumwa katika kaunti hiyohiyo hali ilikuwa nzito zaidi, maana hata mwili uliovunjika ulibaki kuwa mali ya mtu mwingine. Mfano unaojulikana sana ni wa Josiah Henson, aliyezaliwa mwaka 1789 katika Kaunti ya Charles na kuishi utumwani kwenye shamba la Isaac Riley, kusini mwa Rockville, makao makuu ya Kaunti ya Montgomery. Siku moja Henson alimtoa bwana wake katika ugomvi wa kilabuni. Msimamizi wa shamba la jirani, aliyejiona amedhalilishwa, alimvizia baadaye pamoja na wenzake, akampiga kwa mti wa uzio hadi mkono na mifupa yote miwili ya mabega ikavunjika. Hakuitiwa daktari. Henson alieleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1849, kwamba ilipita miezi kadhaa kabla ya kurudi kazini, na kwamba tangu siku ile hakuweza tena kuinua mikono yake hadi kichwani.

Hata hivyo, kazi haikupungua. Henson alijifunza upya namna ya kushika zana na kubeba mizigo, akaendelea kulisimamia shamba la Riley kwa miaka mingi. Mwaka 1830, akiwa amekwisha kupelekwa Kentucky, alitoroka na mkewe na watoto wanne kuelekea Kanada. Wale wawili wadogo aliwabeba mgongoni ndani ya mfuko wa nguo, kwa mabega yaleyale yaliyovunjwa Montgomery. Leo shamba la Riley ni jumba la makumbusho lenye jina la Henson, lililofunguliwa mwaka 2021. Kwa kawaida watu humkumbuka kwa sababu maisha yake yalimsaidia Harriet Beecher Stowe kuandika riwaya yake ya mwaka 1852. Ni wachache wanaomkumbuka kama mtu aliyeishi zaidi ya nusu ya umri wake na ulemavu wa viungo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliufanya ulemavu kuwa jambo la serikali kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Makumi ya maelfu ya askari walikatwa mikono na miguu. Mwaka 1862 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya pensheni kwa askari wa upande wa Muungano walioumia vitani, na serikali ikaanza kugharamia viungo bandia. Maombi yalikuwa mengi kiasi kwamba kulijengwa jumba zima la kuyashughulikia, Jengo la Pensheni la Washington, lililokamilika mwaka 1887. Ngazi zake zina vidato vipana na vifupi, na husimuliwa kwamba zilijengwa hivyo kwa ajili ya maveterani waliokuwa wakifika na magongo. Kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata msaada ulibaki na sura hiyo: aliyeumia akilitumikia taifa alipewa haki, na aliyezaliwa na ulemavu au kuupata kwa ugonjwa aliachiwa familia na makanisa.

Reli, kinu na ajali za kazini

Mwaka 1873 kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio ilifungua njia mpya kutoka Washington kuelekea kaskazini-magharibi. Reli ilipita nje kidogo ya kijiji cha zamani, na kijiji kikaifuata. Maduka na nyumba vilihamia karibu na stesheni, na mwaka 1888 ndugu wa ukoo wa Bowman wakajenga kinu cha mvuke cha kusaga nafaka kando ya reli. Unga na maziwa ya Germantown vikaanza kufika Washington kwa treni.

Reli ilileta uhusiano wa karibu na mji mkuu, lakini ilileta pia vizuizi vya aina mpya. Jukwaa la stesheni lilikuwa karibu na usawa wa ardhi, na abiria alipanda behewa kwa vidato vya chuma vyenye mwinuko mkali. Asiyeweza kupanda alibebwa kama mzigo au alibaki. Reli na vinu vilikuwa pia chanzo cha ulemavu kwa wafanyakazi wenyewe. Katika Marekani ya wakati huo wafunga mabehewa walipoteza vidole na mikono mara kwa mara, na mashine za viwandani zilikuwa na mikanda iliyo wazi iliyoweza kumnasa mtu. Aliyeumia alilazimika kuthibitisha mahakamani kwamba kosa lilikuwa la mwajiri, jambo lililowashinda wengi. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya fidia kwa walioumia kazini, mwaka 1902, lakini mahakama iliitupa miaka miwili baadaye. Sheria iliyodumu ilipatikana mwaka 1914.

Rais aliyeficha kiti chake

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vifaa vilikwenda mbele kuliko majengo. Katika miaka ya 1930 Herbert Everest, mhandisi aliyevunjika mgongo katika ajali ya mgodini, na rafiki yake Harry Jennings walitengeneza kiti cha magurudumu cha chuma kinachokunjika na kuingia ndani ya gari. Kabla ya hapo viti vingi vilikuwa vizito na vilifaa ndani ya nyumba au hospitali tu. Sasa mtu aliweza kutoka, lakini akitoka alikuta ngazi kila mahali.

Mmarekani mwenye ulemavu aliyejulikana kuliko wote wakati huo alikuwa rais mwenyewe. Franklin Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921, na katika utawala wake wote, tangu 1933 hadi kifo chake mwaka 1945, wasaidizi wake walijitahidi apigwe picha akiwa amesimama au amekaa kwenye kiti cha kawaida. Mwaka 1938 alichagua mwenyewe shamba la Bethesda, kusini mwa Kaunti ya Montgomery, pajengwe hospitali ya jeshi la wanamaji. Hospitali hiyo ndiyo iliyokuja kuunganishwa mwaka 2011 na ile ya Walter Reed, na tangu hapo askari wengi waliopoteza viungo Iraki na Afghanistan walijifunza kutembea tena katika kaunti hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili makundi mawili ya vijana wenye ulemavu yaliongezeka kwa pamoja: askari waliopona majeraha ya uti wa mgongo kwa sababu ya dawa mpya za kuua bakteria, na waliougua polio. Mwaka 1952 peke yake Marekani ilikuwa na wagonjwa wa polio wapatao 58,000. Chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa salama na yenye nguvu mwaka 1955, lakini maelfu waliokwisha kupooza walikuwa vijana wenye miaka mingi mbele yao. Walitaka kusoma, kufanya kazi na kupanda basi kama wenzao.

Jengo la atomu na sheria ya 1968

Katika miaka hiyohiyo Germantown ilibadilika kwa sababu ya hofu ya bomu. Tume ya Nishati ya Atomiki ilitaka makao makuu yaliyo mbali kiasi cha kutoangamia iwapo Washington ingepigwa kwa silaha za nyuklia, ikachagua mashamba ya Germantown. Rais Dwight Eisenhower alizindua jengo hilo Novemba 1957. Barabara kuu inayojulikana leo kama I-270 ilijengwa katika kipindi hicho, na kijiji cha reli kikaanza kugeuka kuwa mji wa magari.

Jengo la atomu lilijengwa wakati ambapo hapakuwa na sheria wala hata mwongozo wa kitaifa juu ya namna mtu mwenye ulemavu angeingia ndani ya ofisi ya serikali. Mwongozo wa kwanza ulitolewa mwaka 1961, ukitokana na utafiti wa Timothy Nugent katika Chuo Kikuu cha Illinois. Ulitaja upana wa mlango, mwinuko wa njia mteremko na nafasi ya choo, lakini aliyetaka aliufuata na asiyetaka aliuacha.

Aliyeugeuza mwongozo kuwa amri alikuwa mkazi wa Kaunti ya Montgomery. Hugh Gallagher aliugua polio mwaka 1952 akiwa mwanafunzi, na katika miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Seneta Bob Bartlett wa Alaska. Kazi ilimtaka aingie katika maktaba na majumba ya umma ya Washington, na ngazi zilimzuia. Bartlett alianza kwa kuandika barua za kuomba njia mteremko katika jengo moja baada ya jingine. Gallagher aliona kwamba kuomba jengo kwa jengo ni kazi isiyo na mwisho, akaandika muswada mfupi uliosema kwamba jengo lolote linalojengwa kwa fedha za serikali kuu lazima liingilike na mtu mwenye ulemavu. Rais Lyndon Johnson aliutia saini Agosti 1968. Gallagher aliishi Cabin John, kando ya mto Potomac, na alifariki mwaka 2004.

Sheria hiyo ilikuwa na mpaka unaoeleza mengi kuhusu miji ya Marekani hadi leo. Iligusa majengo mapya na yanayofanyiwa ukarabati, na haikuyalazimisha majengo yaliyokwisha kusimama kubadilika mara moja. Hivyo jengo la 1957 na jengo la 1970 yaliweza kuwa jirani, moja likiwa na kizuizi na jingine halina, bila yeyote kuvunja sheria.

Lifti za Metro

Pambano lililofuata liligusa safari za kila siku za eneo zima la Washington. Reli ya chini ya ardhi, Metro, ilianza kuchimbwa Desemba 1969. Stesheni zake zilipangwa kuwa na ngazi za umeme, bila lifti, na wasimamizi walidai kwamba lifti ni ghali. Mwaka 1970 Bunge lilirekebisha sheria ya 1968 ili iitaje Metro waziwazi, lakini halikutoa fedha za kutosha na ujenzi ukaendelea kama ulivyopangwa. Mashirika ya raia na ya maveterani waliopooza yalikwenda mahakamani. Miongoni mwa waliopigania suala hilo alikuwa Richard Heddinger, aliyetumia kiti cha magurudumu. Mwaka 1973 Jaji William Jones aliamua kwamba stesheni haziwezi kutumika mpaka ziwe na njia ya kuwafikisha watu wenye ulemavu kwenye treni.

Metro ilipofunguliwa Machi 27, 1976, treni zilipita stesheni ya Gallery Place bila kusimama, kwa sababu lifti yake haikuwa tayari na mahakama ilikuwa imezuia isitumike. Ilifunguliwa Desemba mwaka huo. Ushindi ulikuwa mkubwa, maana reli za London, Paris na New York zilikuwa na stesheni nyingi zisizo na lifti, na bado zinazo. Hata hivyo, lifti iliyoongezwa baada ya ramani kukamilika huwekwa panapopatikana nafasi. Katika stesheni kadhaa za zamani lifti iko upande wa pili wa barabara au mbali na lango kuu, na mara nyingi iko moja tu kutoka barabarani. Ikiharibika, abiria wa kiti cha magurudumu hulazimika kuendelea hadi stesheni nyingine na kusubiri gari la kumrudisha. Kuangalia orodha ya lifti mbovu kabla ya kutoka nyumbani kumekuwa jambo la desturi kwa wasafiri hao.

Stesheni za baadaye zinaonyesha tofauti. Mwaka 1990 Metro ilifungua Forest Glen, stesheni yake yenye kina kirefu kuliko zote, kama mita 60 chini ya ardhi ya Kaunti ya Montgomery. Kwa kina hicho ngazi za umeme hazikufaa, ikawekewa lifti sita za kasi kwa abiria wote. Pale ambapo kila mtu anaitegemea lifti, hakuna anayepangiwa mlango wa nyuma.

Germantown yenyewe haikupata Metro. Njia iliishia Shady Grove, zaidi ya kilomita 10 kusini, mwaka 1984. Mkazi wa Germantown asiyeendesha gari hutegemea basi la kaunti, Ride On, lililoanza mwaka 1975, na basi ndilo lililokuwa uwanja wa mapambano yaliyofuata.

Kifungu cha 504, basi na ngazi za Bunge

Sheria ya mwaka 1973 juu ya kuwarejesha watu wenye ulemavu kazini ilikuwa na kifungu kimoja kifupi, cha 504, kilichokataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Kanuni za kukitekeleza zilicheleweshwa kwa miaka minne. Aprili 1977 wanaharakati walikalia ofisi za wizara husika katika miji kadhaa. Wale wa San Francisco, akiwemo Judith Heumann aliyepooza kwa polio utotoni, walikaa ndani zaidi ya wiki tatu. Kanuni zilitiwa saini Aprili 28, 1977. Tangu hapo shule, vyuo, hospitali na mabasi yaliyopokea fedha hizo vilikuwa na wajibu. Kampasi ya Chuo cha Montgomery iliyofunguliwa Germantown mwaka 1978 ilizaliwa ndani ya wajibu huo.

Mabasi yalichukua muda mrefu zaidi. Julai 1978 watu wenye ulemavu 19 walilizingira basi katikati ya Denver, Colorado, wakalala barabarani usiku kucha wakidai vinyanyuzi vya viti vya magurudumu. Kampuni za mabasi zilipinga mahakamani zikidai kwamba gharama ni kubwa, na mwaka 1981 zikashinda: kila mji ukaruhusiwa kuamua wenyewe. Katika mji usio na vinyanyuzi, basi la umma lilikuwa la umma kwa wenye miguu mizima.

Machi 12, 1990 waandamanaji wapatao 60 waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za magharibi za Bunge la Marekani, wakapanda kwa kutambaa. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka minane, Jennifer Keelan. Sheria waliyoidai, Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ilitiwa saini na Rais George H. W. Bush Julai 26, 1990. Ilivuka mpaka wa fedha za serikali na kugusa maduka, mikahawa, zahanati za binafsi, waajiri na vyombo vya usafiri. Mabasi mapya ya umma yaliyoagizwa baada ya Agosti 1990 yalipaswa kuwa na kinyanyuzi au sakafu ya chini.

Nyumba za miaka ya 1980

Bahati mbaya ya Germantown ni kwamba ilikua haraka kabla tu ya sheria hizi kufika. Mpango wa kaunti wa mwaka 1964 uliichagua kuwa mmoja wa miji itakayopangwa kando ya barabara kuu, na mpango wake mahususi ukapitishwa mwaka 1974. Mwaka 1980 ilikuwa na wakazi wasiofika 10,000. Mwaka 1990 walikuwa zaidi ya 41,000. Muongo huo ndio uliojaza vilima vya Germantown nyumba za safu zilizobanana ukuta kwa ukuta, zenye ghorofa mbili au tatu. Mara nyingi mlango wa mbele una vidato, jiko liko ghorofa moja, chumba cha kulala na bafu ghorofa nyingine.

Sheria ya nyumba iliyorekebishwa mwaka 1988 ilitaka majengo yenye nyumba nne au zaidi yawe na njia na milango ya kutosha kiti cha magurudumu, lakini kwa majengo yaliyoanza kukaliwa baada ya Machi 13, 1991 tu. Nyumba za safu zenye ghorofa na zisizo na lifti ziliachwa nje kabisa, hata zikijengwa leo. Sheria ya 1990 nayo haigusi nyumba ya mtu binafsi. Kwa hiyo kizuizi kigumu kuliko vyote kwa mkazi wa Germantown aliyepata kiharusi au ajali mara nyingi ni nyumba yake mwenyewe, aliyoinunua alipokuwa mzima.

Watu wamelikabili hilo kwa njia kadhaa. Wapo wanaofunga kiti cha umeme kinachopanda kando ya ngazi, na wapo wanaogeuza sebule kuwa chumba cha kulala na kuongeza bafu dogo ghorofa ya chini. Wengine huhamia fleti zilizojengwa baada ya 1991. Kaunti ya Montgomery ilianzisha mpango wa hiari uitwao Design for Life, unaotoa nafuu ya kodi kwa nyumba yenye angalau mlango mmoja usio na kidato, milango mipana na choo kinachofikika ghorofa ya chini. Kaunti haikuwalazimisha wajenzi wote.

Upande wa pili wa hesabu ni majengo ya umma yaliyofuata. Ukumbi wa sanaa wa BlackRock, uliofunguliwa katikati ya Germantown mwaka 2002, ulijengwa sheria ya 1990 ikiwa tayari na umri wa miaka 12. Mwaka 2004 Maryland iliunda idara ya watu wenye ulemavu yenye hadhi ya wizara, ya kwanza ya aina hiyo katika majimbo ya Marekani. Mwaka 2011 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na Kaunti ya Montgomery ya kurekebisha vizuizi katika majengo na huduma za kaunti. Makubaliano hayo yalithibitisha kwamba miaka 21 baada ya sheria hata kaunti tajiri ilikuwa na milango na vyoo visivyofaa.

Siku ya kawaida

Kero zilizobaki leo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya barabara. Germantown ilipangwa kwa ajili ya gari, na njia kama Germantown Road zina upana wa safu nyingi za magari. Muda wa taa ya kuvuka hukokotolewa kwa kasi ya mtembeaji. Mwongozo wa kitaifa ulipunguza kasi hiyo mwaka 2009 kutoka mita 1.2 hadi kama mita 1.07 kwa sekunde, lakini mwenye magongo mara nyingi huenda polepole kuliko hapo. Theluji huongeza tatizo. Sheria ya kaunti humtaka mwenye nyumba kusafisha njia ya miguu mbele yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Wakati huohuo magari ya kusafisha barabara husukuma theluji pembeni na kuirundika kwenye miteremko ya kuvukia, mahali hasa anapopita mtu wa kiti cha magurudumu.

Ya pili ni ya muda. Tangu 1994 Metro imekuwa na huduma ya magari ya mlango kwa mlango, MetroAccess, kwa wasioweza kutumia basi au treni. Mwombaji hujaza fomu, sehemu yake ikijazwa na mtaalamu wa afya, kisha hufanyiwa tathmini. Akikubaliwa, lazima aagize safari angalau siku moja kabla, asubiri ndani ya muda wa nusu saa uliopangwa, na akubali kuzungushwa kuchukua abiria wengine. Mwenye miadi ya saa nne asubuhi hujifunza kuondoka mapema mno, na hujifunza kutoahidi kitu kingine siku hiyo. Huduma inawafaa wengi, lakini huchukua kwa saa kile inachotoa kwa safari.

Ya tatu ni ya msaada wa mwili. Wengi huhitaji mtu wa kuwasaidia kuoga, kuvaa na kupanda kitandani. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumweka mtu katika taasisi bila sababu, ilhali angeweza kuishi kwake akisaidiwa, ni ubaguzi. Tangu hapo majimbo yamepanua malipo ya wasaidizi wa nyumbani. Katika eneo la Washington kazi hiyo imeshikwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji, wakiwemo Waafrika. Mshahara wake ni mdogo, na msaidizi asipofika asubuhi, mtu anaweza kubaki kitandani hadi mchana.

Funzo kwa miji inayojengwa sasa

Marekani ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, lakini Desemba 2012 Seneti ilishindwa kuuridhia: kura 61 ziliunga mkono na 38 zikapinga, zikapungua tano tu kufikia theluthi mbili zilizotakiwa. Kenya ilikuwa imeridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 2003, Zanzibar tangu 2006 na Tanzania Bara tangu 2010. Katiba ya Uganda ya 1995 iliwapa watu wenye ulemavu wawakilishi bungeni. Kwa maandishi, Afrika Mashariki haiko nyuma.

Kilichoitofautisha Montgomery ni tarehe za mwisho zenye nguvu ya kisheria, pamoja na watu wenye ulemavu waliokuwa tayari kwenda mahakamani tarehe hizo zilipopuuzwa. Afrika Mashariki ina nafasi ambayo Germantown iliipoteza katika miaka ya 1980, kwa sababu miji yake mingi bado inajengwa. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yana majukwaa yaliyo sawa na sakafu ya basi, na abiria wa kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Jukwaa hilo liligharimu kidogo kwa kuwa lilikuwamo kwenye ramani tangu mwanzo. Vidato vya mlangoni vya Germantown vitaendelea kugharimu familia moja baada ya nyingine kwa miaka mingi ijayo. Mahali pa kukiondoa kizuizi kwa bei nafuu ni kwenye meza ya mchora ramani, na anayeidhinisha ramani ndiye wa kuulizwa kwanza.